Maji ya Betri

3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na muda si muda dari la maabara likaanza kuvuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Tumeweka ndoo ile ile. Polepole alichelewa kufika, kisha akasimama mlangoni akikung'uta mwavuli wake, ubavu mmoja baada ya mwingine, kana kwamba siku ina masaa ya ziada aliyowekewa yeye. Jina hilo hakupewa bure. Na huyu ndiye mtu aliyekabidhiwa maisha yangu.

Niandike vizuri, ili baadaye nikumbuke mambo yalianzaje. Kazi yangu ni mwani, ule wa seli moja, wa kijani, wenye mikia miwili ya kuogelea. Ndani ya kila seli kuna protini inayoitwa sentrini. Imejipanga nyuzi nyuzi, ikishikilia kiini na mashina ya mikia visihame mahali pake. Kalsiamu ikija, sentrini huinasa, na nyuzi hujikaza. Seli ikitaka kugawanyika, nyuzi hizo husaidia kila nusu ishike upande wake, ili mwili mmoja uwe miili miwili. Vitabu tunavyofundishia vinasema haya hayaendi bila kalsiamu. Mimi nilikuza mwani wangu ndani ya supu (ndivyo tunavyoyaita maji yenye chakula cha seli) ambayo sikuitia kalsiamu hata chembe, na seli zikagawanyika bila taabu. Siku Profesa, mama anayeongoza maabara yetu, alipoinamia hadubini yangu akaziona, alinikumbatia mbele ya wote. "Mwanangu," alisema, "umewaumbua watu wazima."

Jarida limeikubali makala yetu kwa sharti moja. Mtu mwingine, kwa mikono yake, arudie jaribio apate jibu lile lile kabla ya mvua kwisha. Makala ikitoka, nahitimu. Isipotoka sina shahada, na mama ataendelea kuniuliza kila Jumapili nitamaliza lini hicho kisichoisha.

Profesa akamchagua Polepole.

5 Machi

Mvua. Kaka ameleta madumu ya maji kwa mkokoteni, yeye mwenyewe amelowa chepechepe. Mtambo wetu wa kusafisha maji uliungua zamani, na chuo kinaahidi mwingine kila tunapouliza. Kaka ana duka la betri za magari na huuza maji ya kuongezea ndani ya betri, yale yasiyo na chumvi yoyote. Mimi ndiye niliyemwambia Profesa, "Kwa nini tusinunue kwa kaka yangu?" Dumu limebandikwa karatasi: SAFI KABISA. Profesa alicheka, akasaini.

"Haya, madaktari wa majani," kaka alisema akishusha dumu la mwisho. "Mkipona mnijulishe."

9 Machi

Nilijua. Mwani wa Polepole haugawanyiki.

Ameniita nione. Kwenye ile supu nyingine ya kulinganishia, iliyotiwa kalsiamu, mambo ni shwari, seli zinagawanyika zenyewe. Lakini kwenye supu isiyo na kalsiamu, kichekesho. Seli zimevimba. Ndani ya mwili mmoja kuna viini viwili, pengine vinne, vimesongamana. Zimejaribu kugawanyika zikakwama, mikia inachezacheza ovyo upande mmoja.

"Naona nimekosea mahali," alisema, kwa sauti yake ya taratibu.

"Unaona?" nikamwambia.

Msafishaji alikuwa anapiga deki, akacheka. Nami nikacheka. Polepole akaandika kitu, akafunga kalamu, akaondoka kunawa mikono kwa mara ya kumi tangu asubuhi.

12 Machi

Bado zimevimba. Ndoo ya dari imejaa mara mbili.

16 Machi

Leo Profesa amempasulia Polepole mbele yetu. Hakupaza sauti. Hana haja. Alisimama nyuma yake, akatazama kupitia hadubini, akasema, "Binti huyu amelifanya jaribio hili hapa, kwenye meza hii hii. Wewe una nini? Mikono miwili, au siyo?" Polepole akasema ndiyo, Profesa, anayo miwili. "Basi moja kati yake ianze kufanya kazi."

Sisemi uongo humu. Nilifurahi. Yeye ana mke na watoto na shahada yake alishaipata kwingine, amekuja hapa kwa mkataba tu. Mimi nina hili jaribio, sina lingine. Jioni Profesa alinishika bega akaniambia nisiwe na wasiwasi, kazi nzuri haipotezwi na mkono mzito wa mtu mmoja. Nimerudi nyumbani na matope hadi magotini, na bado nilikuwa naimba.

20 Machi

Mvua. Mvua. Nguo zinanuka uvundo.

24 Machi

Profesa ameniambia nifanye mwenyewe, Polepole akikaa pembeni kuangalia, ili ajifunze. Nikachanganya supu yangu huku nikimweleza kila hatua kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini nasuuza chupa mara tatu na siyo mbili. Nikamjibu ndivyo ninavyofanya siku zote.

27 Machi

Zimevimba.

Seli zangu, nilizozichanganya mimi. Viini viwili viwili ndani ya mwili mmoja. Niliangalia hadi jicho likauma, nikabadilisha jicho.

Polepole alisimama nyuma yangu kwa muda. Nilingoja acheke. Ningecheka kama ningekuwa yeye, na kwa kweli nilishacheka. Akasema tu, "Mikono yako haina kosa. Nilikuwa naiangalia. Kama mikono ni mizuri, basi kilichobadilika ni kitu tunachokishika."

Nilimwambia aniache. Kisha nikaenda chooni nikalia, nikiwa nimefungua bomba ili nisisikike.

31 Machi

Sijalala vizuri. Siku tatu zilizopita nilifika mapema kabla ya mtu yeyote, nikaanza kupekua jokofu kubwa, nikitafuta sijui nini. Nyuma kabisa nikakuta chupa ya supu isiyo na kalsiamu, mwandiko ni wangu, niliichanganya kiangazi. Nikaweka mwani humo, na kwenye supu niliyochanganya tarehe 24 nikaweka mwani ule ule. Mbegu moja, taa moja, rafu moja.

Leo jioni nimetazama. Ndani ya supu ya kiangazi seli zinagawanyika, zinapendeza. Ndani ya supu ya mvua zimevimba.

Chumvi ni zile zile, makopo ni yale yale. Kilichobaki ni maji.

Kuna dumu moja la kaka la tangu kiangazi ambalo halikumalizwa. Tunalitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Nimechota tone humo nikaliweka juu ya kioo, na tone lingine kutoka dumu jipya nikaliweka kando yake, nikavipasha vioo vyote viwili hadi matone yakakauka. Tone la dumu jipya halikuacha kitu. Tone la dumu la mlangoni limeacha duara jeupe, gumu, kama gaga lililomo ndani ya birika la mama.

Nimekaa chini sakafuni, pembeni ya ndoo.

2 Aprili

Nimekwenda dukani kwa kaka mvua ikinyesha. Sikumwambia ninakuja.

Duka ni chumba kimoja chenye mlango wa chuma, na nyuma yake ua mdogo. Kaka alikuwa amekaa juu ya betri iliyokufa, anakunywa chai. Akafurahi kuniona, akanisogezea betri nyingine nikalie. Nikamwambia sikai, nataka kuona anakotengenezea maji.

"Kwani umekuwa mkaguzi?"

"Kaka, nionyeshe."

Akanipeleka uani. Kuna pipa kubwa la plastiki chini ya mfereji wa bati, na maji ya paa yalikuwa yanamiminika ndani kwa kelele. Mdomoni mwa pipa kafunga kitambaa cheupe.

"Mvua ya bure, mdogo wangu," alisema. "Nachuja vizuri, usiwe na shaka. Hata mdudu hapiti."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi nini?"

"Kiangazi ulikuwa unapata wapi maji? Ule mtambo wako wa kuchemsha na kukusanya mvuke?"

Alitazama chai yake. "Ule uliungua. Hata wenu si uliungua?"

"Kaka."

"Kisimani. Kile cha nyuma ya kituo cha mafuta. Maji yake ni meupe pe, kila mtu anakunywa. Na betri hazijawahi kulalamika hata siku moja, tena waulize mafundi wote hapa mtaani."

Maji ya kisima. Maji magumu, yaliyojaa kalsiamu. Kiangazi kizima nilikuwa nachukua maji yenye kalsiamu tele, naacha kuongeza kalsiamu kwa uangalifu mkubwa, kisha nautangazia ulimwengu kwamba seli zangu hazihitaji kalsiamu. Yakaja maji ya paa yasiyo na kitu, seli zikakwama, na sisi tukamtukana Polepole. Maji pekee ya kweli ambayo kaka amewahi kutuuzia ni haya ya mvua, ambayo yeye mwenyewe alidhani anatupunja kwayo.

Nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha. Kaka naye akacheka, kwa woga, bila kujua tunacheka nini. Nilipomweleza, cheko lilimkatika.

"Sasa watanifanya nini?"

"Hakuna atakayekutaja. Nitahakikisha."

"Mimi nina mkataba wa chuo, mdogo wangu. Ndio unaolipia mlango huu."

"Nimesema nitahakikisha."

Akanifunika kichwa kwa mfuko wa nailoni nisilowe, akanisindikiza hadi barabarani, kama alivyokuwa akinipeleka shule. Nimemkasirikia sana. Na bado mfuko ule sikuuvua hadi nilipofika.

3 Aprili

Nimemwambia Profesa.

Ofisi yake ndiyo pekee isiyovuja. Alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda lote linatoka bila kukatika. Nilisema yote kwa mkupuo, kisima, paa, duara jeupe kwenye kioo. Alipomaliza kumenya hakulila. Akaliweka juu ya meza, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna, Profesa. Kaka tu."

"Polepole?"

"Bado."

Kisha akainuka, akazunguka meza, akaniketisha.

"Mwanangu, wangapi wangekuja kuniambia hili? Wangelizika. Wewe umekuja." Akanishika mikono. "Makala tunaiondoa. Nitaliandikia jarida mimi mwenyewe. Litaniuma, lakini nitaandika. Jina langu liko pale kubwa kuliko lako."

Nikamwuliza kuhusu shahada yangu. Akasema kosa lililogunduliwa na aliyelitenda ni ugunduzi, na tutaandika makala nyingine, nzuri kuliko ile. Nikamwuliza kuhusu kaka. Akatabasamu.

"Na mwuza maji nitamtaja ili iweje? Hili linabaki kati ya kuta hizi. Haya, nieleze tena, polepole, tangu siku ya kwanza uliyoniletea wazo la kununua kwa kaka yako."

Nikamweleza tena. Alikuwa makini sana, aliandika. Nilipotoka alinipa lile chungwa. Nililila njiani chini ya mvua huku nalia kwa shukrani. Hakuna mama wa kambo, wala mama mzazi, ambaye angenipokea vile.

4 Aprili

Nimemwomba Polepole radhi. Akasema, "Haya." Kisha akauliza duara lilikuwa jeupe kiasi gani.

8 Aprili

Sijawahi kuwa na siku nzuri kama hizi tangu nianze hiki kisichoisha.

Wazo lilinijia nikiwa namwaga maji ya ndoo ya dari. Kama seli zilizokwama zimekwama kwa kukosa kalsiamu tu, basi tuzipe. Tuzitazame chini ya hadubini zikiwa zimevimba, kisha tudondoshe tone moja la kalsiamu ukingoni mwa kioo, tuone. Nyuzi za sentrini ziko pale pale, zinangoja. Nilimwambia Polepole, akaweka kalamu chini. Yeye hawekagi kalamu chini.

Tumejaribu mchana huu. Mwanzo hakuna kitu. Kisha Polepole akanivuta mkono wa koti bila kuondoa jicho. Seli ikajikaza. Vile viini viwili vilivyokuwa vimesongamana vikaanza kuachana, kimoja huku, kingine kule, kila kimoja na mikia yake. Katikati ya mwili pakaingia mkunjo, ukazidi kuingia ndani. Tulipokezana jicho kama watoto wanaogombania tundu la ukuta. Mwishowe zilikuwa mbili, zikaogelea kila moja kivyake.

"Hii ndiyo makala," Polepole alisema.

"Yetu," nilisema.

Nimejifunza kwamba upole wake siyo uzembe. Mtu huyu anaangalia kitu mpaka kitu kichoke. Nilikuwa mjinga.

10 Aprili

Mtambo mpya wa maji umefika. Eti sasa fedha zimepatikana. Profesa mwenyewe amekata utepe. Kaka hajaambiwa kitu, ila madumu yake yametolewa nje, kwenye mvua.

13 Aprili

Profesa na Polepole wamejifungia ofisini tangu asubuhi. Ratiba za hadubini, bila shaka.

17 Aprili

Niandike kabla mkono haujagoma.

Niliitwa kwenye kikao. Nilidhani ni cha makala mpya, nikavaa gauni langu la kijani. Chumba kirefu, wazee wa idara upande mmoja, Profesa katikati yao, Polepole mwisho wa meza. Kiti changu kilikuwa upande wa pili, peke yake.

Profesa alisoma. Sauti ile ile ya upole. Alisema matokeo ya awali yalitokana na maji machafu. Maji yalinunuliwa kwa ndugu wa mwanafunzi, kwa pendekezo la mwanafunzi. Ndugu huyo alikuwa anauza maji ya kisima kama maji safi. Yeye, Profesa, alishtuka matokeo yalipokosa kurudiwa, akaagiza uchunguzi, ambao mwenzetu pale mwisho wa meza aliufanya kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Akamwonyesha Polepole kwa mkono.

Nikasema, "Profesa, mimi ndiye niliyekuja kukuambia."

"Ndiyo," alisema. "Ulikuja kukiri, na tunalithamini hilo."

Kukiri! Nikageukia wazee. Nikawaambia kuhusu dumu la mlangoni, tone, birika la mama. Nilikuwa napayuka, najua. Mmoja wao akaniuliza kama ni kweli kwamba mwuzaji ni kaka yangu wa damu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeleta wazo. Nikasema ndiyo, lakini Profesa alisaini. Akaniuliza ikiwa nilipata chochote kutoka kwa kaka yangu. Nikamwambia nilipata mfuko wa nailoni. Hakuna aliyecheka.

Nikamtazama Polepole. Jamani, hata neno moja? Alikuwa ameinamia meza, anaisoma kwa makini kama anavyosoma kila kitu.

Usajili wangu umesimamishwa. Mkataba wa kaka umefutwa na mafundi wote mtaani wataambiwa sababu. Uchunguzi wa tone la kalsiamu utaendelea chini ya uongozi mpya.

Tulipotoka, Profesa alinishika bega pale pale anaponishikaga. Nikauondoa mkono wake. Ndilo jambo pekee nililolifanya leo ambalo silijutii.

19 Aprili

Nimemngojea Polepole kwenye ngazi. Mvua ilikuwa inapiga vioo, ikabidi tusemezane kwa nguvu.

"Lile tone lilikuwa wazo langu."

"Lilikuwa wazo lako," alisema.

"Ungesema hivyo juzi."

"Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huu. Aliniita, akaniwekea karatasi mbili mezani. Moja ya kuongezwa muda, nyingine ya kuondoka. Nina watoto watatu, dada."

"Kila mtu ana watoto watatu."

Alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, taratibu.

"Nilikuwa nawasikia mkinicheka," akasema. "Wewe na msafishaji. Sikufanya hili kwa ajili hiyo. Lakini siku ile nilipokuwa nashika kalamu, nililikumbuka, na halikunizuia."

Akanipisha ili nishuke kwanza. Hata katika hilo, adabu tele. Ningempenda zaidi kama angenitukana.

20 Aprili

Mvua.

21 Aprili

Mvua. Sijatoka kitandani.

25 Aprili

Mama ameitisha mazungumzo. Nimefika nimemkuta kaka ameshakaa, mikono magotini. Mafundi wamehama dukani kwake. Wanapita mbele ya mlango wakiuliza kama leo supu ipo.

"Umemwuza kaka yako," mama alisema, hata sijavua viatu. "Kwa ajili ya majani ya kwenye dimbwi."

"Mama, yeye ndiye aliyeuza maji ya kisima."

"Na tangu lini maji ya kisima yamekuwa dhambi? Mmekunywa hayo, mmekua."

Kaka alimwomba aniache. Akanitoa nje barazani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, maneno yote ninayo, tena makali. Akaniuliza, "Siku ile ulipotoka dukani, ulikwenda kwa yule mama, profesa wako, moja kwa moja?"

"Kesho yake."

"Ulikuwa na usiku mzima. Ungerudi kwangu. Ungeniambia, kaka, nichemshie maji kama inavyotakiwa, nirudie kazi yangu yote upya. Ningechemsha. Ningefunga duka nikuchemshie wewe mpaka mwisho wa mwaka." Alikuwa analia na hajifichi. "Kwa nini ulimwamini yeye kwanza?"

Nikamjibu kwamba ilibidi ukweli usemwe. Ni kweli ilibidi. Ningesema tena. Lakini hilo silo aliloniuliza, na tulijua sote wawili.

2 Mei

Mvua inapungua. Mama haniulizi tena nitamaliza lini.

11 Mei

Jua siku nzima. Msafishaji amenitumia ujumbe: dari limekauka, limeacha doa la kahawia, na makala imetoka, hongereni. Hajui. Au anajua.

Nimeisoma nikiwa nimesimama dukani kwa mchapaji, ukurasa kwa ukurasa ukitoka kwenye mashine. Jina la kwanza ni la Polepole, la mwisho la Profesa. Picha ni ya seli ile ya tarehe nane, naifahamu kwa ule mkia wake mmoja mfupi. Ni makala nzuri. Imeandikwa kwa subira, hakuna neno lililotiwa chumvi. Inaeleza nyuzi zinavyongoja, kalsiamu inavyonaswa, mwili unavyokuwa miwili. Nilitafuta jina langu hadi mwisho kabisa, chini ya picha, chini ya marejeo, kwenye maandishi madogo ya shukrani. Wamemshukuru mlinzi kwa kufungua milango mapema. Wamemshukuru fundi wa hadubini. Kisha mimi: kwa msaada wa kutafuta maji.

14 Mei

Nimekwenda kuchukua vitu vyangu. Kikombe, koti, viatu vya kubadilisha. Hapakuwa na mtu, wamekwenda kula kusherehekea.

Dirishani kulikuwa na chupa yangu ya mwisho, hakuna aliyeona haja ya kuimwaga. Nikachota tone, nikaweka chini ya hadubini. Zilikuwa zimevimba kuliko nilivyowahi kuona, viini sikuhesabu, na bado zilikuwa hai, mikia ikitikisika pale pale. Makopo nayajua yalipo. Nikatengeneza tone la kalsiamu, nikaligusisha ukingoni, nikakaa.

Ilianza moja, pembeni. Kisha nyingine. Zikajikaza, zikakunjika katikati, zikaachiana. Uwanja mzima ukawa unagawanyika, na mimi nikawa naona kila kitu, kila kitu. Nikasikia mdomo wangu unaita, "Njooni muone!" Kwa mazoea tu.

Mlango ukafunguliwa. Ni Profesa, alikuwa amesahau miwani. Aliichukua mezani, akanitazama nilivyoinama, akaitazama ile chupa. Nilidhani atakuja kuangalia. Alikuja hatua moja.

"Ukimaliza," alisema, "funguo mwachie mlinzi."

Nikangoja hadi viatu vyake vikaishia ngazini. Kisha nikakitoa kioo, na mwani wote ukiwa bado unaogelea, nikakiosha kwa maji ya bomba.